Mbavu za Bawa la Kulia

Watu wa mtaa wa Kianda wakitaka sanduku la mtoto anayeenda shule ya bweni, humtafuta Nashon. Kibanda chake kiko kando ya njia inayoteremka kutoka kituo cha matatu cha Olympic, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekata mabati hapo, akayakunja, akayaunganisha kwa riveti, akayapaka rangi nyeusi au ya samawati. Si mtu wa maneno. Mteja akilalamika, yeye hutazama viatu vyake mpaka mteja achoke. Mkewe Apiyo, anayekaanga samaki ng'ambo ya njia, ndiye humjibia.

"Baba Mitchelle alipewa mikono," Apiyo hupenda kuwaambia watu. "Mdomo aliuacha kwao Ugenya."

Nashon alifika darasa la nane na kuishia hapo. Kusoma anajua. Lakini akikabidhiwa karatasi yenye Kiingereza kirefu, viganja humtoka jasho, na tangu ujana wake amejifunza njia moja ya kujiokoa, nayo ni kuitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Njia hiyo haikuwahi kumletea taabu. Sanduku halina kitabu cha maelezo.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, alifika kibandani mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu, akitafuta sanduku la mjukuu. Aliitwa Kihara, na alikuwa na ploti ya vyumba vya kupangisha huko Kawangware. Hakuligonga sanduku kwa kidole kama wateja wengine. Alilifungua, akaingiza mkono, akapapasa polepole ndani ya kifuniko, pale ambapo riveti hukwaruza nguo na kuchana vidole.

"Hizi riveti nani alipiga?"

"Ni mimi," Nashon akasema, akidhani amekosea.

"Haziumi." Mzee akapapasa tena. "Fundi, ushawahi kushika aluminiamu ya ndege?"

Nashon akacheka kidogo kwa heshima, maana alidhani anataniwa.

Hakuwa akitaniwa. Kihara alikuwa ametengeneza injini za ndege ndogo tangu ujana mpaka akastaafu, na sasa, nyuma ya vyumba vya wapangaji wake, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, alikuwa akijijengea ndege yake mwenyewe ya watu wawili. Vipande na michoro vilikuja kwa meli ndani ya makasha ya mbao. Mkia ulikuwa umekwisha. Alipofika kwenye mabawa, macho yalianza kufifia na vidole kutetemeka. Alihitaji mikono ya mtu mwingine.

Basi Nashon akawa anafunga kibanda siku tatu kila wiki. Alitoka Kianda kwa miguu asubuhi, akavuka Ngong Road, akaifuata Naivasha Road hadi Kawangware, na njiani mwote hakumwambia mtu anakwenda kufanya nini. Nani angemwamini?

Wapangaji wa ploti ile walikwishaizoea ndege kama watu wanavyozoea gari bovu lililoachwa uani. Aliyeizoea zaidi ni Maggie wa chumba cha mwisho, mama aliyewafulia watu nguo, ambaye kamba zake za kuanikia zilipita hatua chache tu kutoka kwenye paa lile. Kamba zilishikiliwa na nguzo ya bomba iliyosimamishwa ndani ya debe la zege.

"Fundi," Maggie angemwambia Nashon kila asubuhi, "hii kuku yenu itataga lini?"

"Maggie," Kihara angedakia, "hiyo nguzo yako itaniangukia bawa siku moja. Nimekuambia usianike mablanketi hapo."

"Mzee, ikianguka nitaidaka na meno."

Ikawa kama sala yao ya asubuhi. Nashon aliisikiliza akitabasamu, kisha akainama kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa ni vishimo. Kwenye sanduku, kichwa cha riveti hutokeza nje na hakuna anayejali. Kwenye bawa la ndege, kichwa lazima kilale sawasawa na bati, hewa ipite isipate pa kukwama. Kwa hiyo kila tundu lazima libonyezwe kwanza liwe na umbo la kikombe kidogo, bati la juu na ubavu wa chini, kimoja kikae ndani ya kingine kama bakuli ndani ya bakuli. Vyuma vya kubonyezea ni viwili, dume na jike, navyo hubanwa kwa koleo kubwa lenye mdomo wa kupinda. Nashon aliipenda kazi ile. Alipenda jinsi bati lilivyotii, na jinsi Kihara alivyopitisha kiganja juu ya mstari uliokamilika akanyamaza, kwa sababu hapakuwa na la kusahihisha.

Jioni Kihara alifungua daftari gumu, akaandika kazi ya siku ile, kisha akamsogezea kalamu. "Weka jina. Aliyefanya ndiye anaweka jina." Jina la Nashon halikuwahi kuandikwa mahali pa maana tangu cheti cha darasa la nane. Kila alipoliandika alihisi shingo ikipata joto.

Shida ilikuwa kule nyuma ya bawa, mbavu zinapozidi kuwa nyembamba. Huko koleo kubwa haliingii, hata kidole kinaingia kwa kuomba ruhusa. Kwa sehemu hizo Kihara alikuwa na dume na jike wengine, wadogo kama vifungo vya shati, wenye tundu katikati. Msumari mwembamba hupitishwa ndani yao, kisha huvutwa kwa mashine ya mkono ya kupiga riveti, mpaka vyuma vile viwili vibane bati katikati yao. Ni kazi ya subira. Misumari hiyo ni ya aina yake, na hukatika.

Mwezi wa Juni dada yake Kihara alifariki huko Nyeri. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Nashon matundu ishirini na manne kwenye ncha za mbavu za bawa la kulia, akamkabidhi misumari ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, na karatasi moja ya Kiingereza.

"Kila kitu kiko hapo. Umeisoma?"

Nashon akaipitisha macho. "Nimesoma."

"Umeelewa?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ukikwama unipigie. Hata nikiwa matangani, unipigie."

Siku ya kwanza alibonyeza vishimo saba, vyote safi. Siku ya pili asubuhi msumari wa mwisho ukakatika. Akaitoa ile karatasi. Kulikuwa na aya nzima iliyotaja misumari, aliliona lile neno, lakini lilizungukwa na maneno mengine kumi asiyoyajua. Akaikunja. Akatoa simu, akalitafuta jina la Kihara, akaanza kupanga atakachosema. Mzee, misumari imeisha. Na mzee angeuliza, karatasi inasemaje? Naye alikwisha kusema ameisoma na kuielewa. Akairudisha simu mfukoni. Akaitoa tena. Akairudisha.

Tena, ukweli ni kwamba kibandani kwake hakuwahi kuomba kifaa. Fundi wa masanduku akikosa chuma, hukitengeneza, na anayezunguka kuomba hupewa jina la utani linalomfuata mpaka kaburini. Nashon akanunua skrubu nene yenye kichwa bapa, akakilainisha kichwa kwa tupa mpaka kikang'aa, hilo likawa dume. Akatoboa kipande cha nondo, akakichonga mdomo, hilo likawa jike. Akagonga kwa nyundo ndogo, polepole, vishimo kumi na saba. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza, na kwa muda alijiona mtu.

Alipopitisha ukucha kwenye ukingo wa kishimo cha nane, ukucha ulikwama.

Akainamisha kichwa, akawasha tochi ya simu. Ulikuwa ni ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu na kupanda nje. Skrubu ya dukani, mteremko wa chini ya kichwa chake ni mkali kuliko wa riveti ya ndege. Macho hayaoni tofauti hiyo, ila bati huihisi. Akakagua vyote. Vishimo tisa vilikuwa na nyufa.

Alikaa pale kwenye kigoda muda mrefu. Maggie alipita na beseni, akamwuliza kama amelala. Alisema hapana. Kisha akafanya kile ambacho fundi wa masanduku hufanya kosa likiwa upande wa ndani. Akalilaza bati la juu mahali pake, akapiga riveti zote. Zilipokataa kulala vizuri akapaka fila nyembamba ya kuziba, akapiga msasa, akafuta vumbi. Nyufa zikawa chini, gizani. Hakuna aliyejua ila yeye.

Kihara alirudi Jumamosi akiwa amekonda. Bintiye Wanja, mwalimu wa hesabu aliyekuja kila Jumamosi kujenga bawa la kushoto, alikuwapo. Mzee hata koti hakuvua. Alikwenda moja kwa moja kwenye bawa la kulia, akapitisha kiganja hadi mwisho, akakirudisha.

"Wanja, kuja ushike hapa." Akaanza kupiga makofi, polepole, peke yake, macho yamemjaa maji, labda kwa ajili ya dada aliyetoka kumzika. "Miaka arobaini nimefanya kazi na mafundi. Hii kona imewashinda wengi. Fundi, asante."

Nashon alitazama viatu vyake. Alisema, "Karibu, Mzee," akaweka jina kwenye daftari kwa haraka, hata herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Tangu siku ile alianza kufika amechelewa. Njia ile aliyoipenda ikawa ndefu. Nyumbani hakula vizuri, na Apiyo alimwuliza kama ni tumbo. Kila asubuhi aliazimia kusema leo, na kila asubuhi Kihara alimpokea kwa kikombe cha chai mkononi, kikubwa, kile ambacho wageni pekee hupewa. Kwenye chai kama hiyo mtu anaanzia wapi?

Kisha likaja lililo baya zaidi. Jumamosi iliyofuata Wanja alifika kwenye kona zilezile za bawa la kushoto.

"Fundi, nionyeshe vile ulifanya," akasema. "Hii ya babangu ya misumari itanizeesha. Ulitumia nini? Lete siri."

"Nilitumia... ni kujaribu tu."

"Wacha kuficha bana. Kiti cha pili ni changu, nataka nikiangalia nje nione kazi safi pande zote mbili."

Dume lake la skrubu lilikuwa mfukoni, limefungwa kwa kitambaa. Alilihisi likimgusa paja. Akasema atamwonyesha wiki ijayo. Njiani kwenda nyumbani alimwona Wanja angani, amekaa kiti cha pili, anatazama bawa la kulia. Aliiona picha ile mpaka Kianda.

Jumanne ilikuwa na jua kali. Walikuwa wamelitoa bawa la kulia nje, likalazwa juu ya vigoda viwili vilivyofungwa godoro kuukuu. Kihara alikwenda kwenye kamati ya kanisa. Maggie alikuwa ameanika mablanketi manne mazito ya mteja wake, kisha akaenda dukani. Nashon akabaki peke yake uani, na wazo likamjia likiwa kamili, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyelifikiria. Bawa likiumia pale nyuma, bati litatolewa, na yeye ndiye atakayelitoa. Mbavu zitabadilishwa. Nyufa zitaonekana ni za ajali. Watalaumu upepo.

Alitazama mlango wa kila chumba. Akaliinamisha debe la zege kwa goti, kidogo, na uzito wa mablanketi ukamalizia. Bomba lilianguka kwenye ncha ya nyuma ya bawa kwa sauti ya sufuria kupasuka. Bati likabonyea, pale pale alipotaka.

Maggie alirudi mbio. Nashon alikuwa tayari anamsaidia kuokota mablanketi kwenye vumbi.

"Pole, Mama," alimwambia. Alimwambia hivyo kweli.

Upepo haukulaumiwa na mtu. Kihara aliporudi, aliliinamia bawa lake, akapapasa pale lilipobonyea, halafu akamgeukia Maggie. Hakupaza sauti, na ndiyo sababu kila mpangaji alisikia.

"Nilikuambia mara ngapi?"

"Mzee, nguzo imesimama hapo miaka tisa."

"Nilikuambia mara ngapi, Maggie?"

"Mara nyingi."

"Mwisho wa mwezi utafute nyumba mahali pengine."

Maggie hakuleta mzaha. Alikusanya mablanketi akaingia ndani. Nashon alisimama pale. Maneno yalikuwa yamepangwa tayari kifuani. Hayakutoka. Akaenda nyumbani nayo.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Maggie mlangoni amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake katoni mbili tupu. Hakuuliza habari ya kuku.

"Fundi, sikia," akasema kwa sauti ya chini. "Mzee anakuskiza wewe. Mimi nikiongea ataona ni kiburi. Wewe ni mtu mpole, ukimwambia neno moja tu atalegea. Niongelee, tafadhali. Wateja wangu wote wako huku."

Nashon aliitikia kwa kichwa. Ni kawaida yake. Akapiga hatua nne kuelekea kwenye paa la ndege ndipo akahisi uzito wa kile alichokiitikia.

Kihara alikuwa ameinamia bawa, anapima bonde kwa rula.

"Mzee."

"Mm."

"Maggie asihame."

"Fundi, hayo ya ploti niachie."

"Nguzo niliiangusha mimi."

Kihara hakuinua kichwa, lakini rula iliacha kusogea. Nashon akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua, akaiweka skrubu juu ya bawa. Ilibiringika kidogo ikasimama. Akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi kwenye misumari, akiruka, akirudi tena, lakini akafika.

"Ngapi zina nyufa?" Kihara akauliza.

"Tisa."

"Ulihesabu."

"Nilihesabu."

"Kwa hivyo ile Jumamosi nikikupigia makofi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na Wanja akikuambia kiti cha pili ni chake."

Alitamani mzee amtukane. Kihara alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama mtu aliyesimama kaburini.

"Nilikuambia unipigie hata nikiwa matangani."

"Niliona haya, Mzee."

"Haya ya nini?"

"Ya kuuliza."

Mzee akamtazama, akitafuta kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Lilikuwa ni hilo tu, dogo kama skrubu ile.

"Bawa ni bati," Kihara akasema mwishowe. "Tutatoa, tutaweka lingine. Lakini mimi nimemfukuza mama wa watu." Akarudisha kofia kichwani na kuita, "Maggie! Kuja hapa kidogo." Kisha kwa Nashon, "Mwambie. Si mimi nitamwambia."

Kumwambia Kihara kulikuwa kugumu, lakini kumwambia Maggie, huku wapangaji wawili wakichungulia wakiwa na miswaki mdomoni, kulikuwa kitu kingine kabisa. Alisema sentensi mbili. Maggie alimsikiliza, amekunja mikono.

"Na ukanisaidia kuokota blanketi," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia pole."

"Ndiyo, Mama."

Maggie alimtazama tangu unywele hadi kiatu, kisha akarudi chumbani kwake. Wakasikia katoni zikikanyagwa zikunjwe. Kihara alikwenda akasimama nje ya mlango wake na kusema maneno ambayo Nashon hakuyasikia, wala hakutaka kuyasikia. Mzee yule kuomba radhi mlangoni kwa mpangaji wake, hilo nalo lilikuwa deni la Nashon.

Kisha daftari likaletwa. Kihara alilifungua kwenye ukurasa wa ile Jumamosi, pale palipo na jina lenye herufi iliyotoka nje ya mstari. "Andika chini yake. Kwa Kiswahili, kwa mkono wako." Nashon aliandika kwa karibu nusu saa. Aliandika kwamba vishimo kumi na saba kwenye bawa la kulia alivipiga kwa skrubu, kwamba tisa vilipasuka, kwamba alivificha na akajua anavificha. Akaweka jina. Kihara akasoma, hakusahihisha hata neno, akafunga.

Hakufukuzwa. Alidhani atafukuzwa na alikuwa ameanza kukusanya tupa zake, lakini Kihara alisema aliyeharibu ndiye atakayetoa. Kwa wiki mbili Nashon alitoboa riveti moja moja, akazifunua zile mbavu zikapata mwanga, na Wanja akaja akaziangalia nyufa kwa kioo cha kukuzia. Hakumwita Fundi siku ile. Alimwita Nashon. Chai iliendelea kuja, ila kwenye kikombe cha kawaida, na Nashon alishukuru kwa hilo.

Maggie hakuhama, wala hakusamehe haraka. Alihamisha kamba zake zote upande wa pili wa ua bila kuambiwa na mtu, na kila asubuhi alimpita Nashon kimya. Nashon alikuja kugundua kwamba kile alichokuwa akikihisi moyoni njiani mwote, kutoka Kianda hadi pale, kilikuwa ni kungojea swali la kuku.

Mwezi wa Agosti mbavu mpya zilikuwa mahali pake. Siku hiyo alikuwa kwenye kona, msumari katikati ya dume na jike, akivuta polepole. Kishimo cha kumi na nne kikakaa. Akatia msumari mwingine, ukakatika. Akaingiza kidole kwenye kopo, kikagusa chuma kitupu.

Kihara alikuwa upande wa pili wa ndege, anasoma. Wanja alikuwapo. Maggie alikuwa akipita na beseni kichwani. Nashon alisimama. Viganja vilikuwa vimelowa, na alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, joto lilelile la haya tangu ujana wake, halikuwa limepungua hata chembe.

"Mzee," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Misumari imeisha. Na kwenye karatasi kuna mahali sielewi."

Kihara alivua miwani. Wanja aliacha kupiga tupa. Maggie akapunguza mwendo bila kugeuka, beseni limetulia kichwani.

"Mahali gani?" Kihara akauliza.

Nashon akaikunjua ile karatasi, ambayo sasa ilikuwa imechakaa mikunjoni, akazunguka mkia wa ndege mbele yao wote, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.